Nikope milioni 12 benki ninunue hisa?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 34, mume na watoto wawili. Safu yako huwa naisoma ila sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu nina siku chache za kuamua, na kila ninayeweza kumuuliza ana upande wake.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu alinifundisha kununua hisa kwa simu, kwa programu ya Hisa Kiganjani. Nilianza kwa woga, nikanunua hisa za benki za shilingi laki tatu. Mama, bei imepanda mpaka nimeshangaa. Gawio nalo, yaani fungu la faida ya kampuni, likaingia, dogo, lakini liliingia bila mimi kunyanyua chaki. Huyo mwenzangu yeye alinunua miaka mingi nyuma wakati hakuna aliyekuwa anazitazama, na sasa amepaua nyumba. Ofisini kwa walimu hakuna mazungumzo mengine siku hizi.

Nikajiuliza: laki tatu zimezaa hivi, je, ningeweka milioni kumi na mbili? Nikaenda benki inakopitia mishahara yetu. Wamekubali kunipa mkopo wa watumishi wa milioni 12 kwa miaka mitano, riba asilimia 16 kwa mwaka, inahesabiwa kwa salio linalopungua. Makato ni kama laki mbili na elfu tisini na mbili kwa mwezi. Mshahara wangu wa msingi ni laki tisa. Baada ya kodi, pensheni, bima ya afya na chama, nabaki na laki saba na kidogo. Mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo nilishamaliza kulipa. Kwa hiyo mkopo ukianza nitabaki na laki nne na ishirini hivi. Tutabana, lakini tutaishi.

Mahesabu yangu ni haya. Bei ikipanda hata nusu tu ya ilivyopanda mwaka jana, kwa miaka miwili nauza, nalipa mkopo wote, na kinachobaki nasimamishia nyumba. Kiwanja tunacho Kihonda, kina matofali tu yanaota majani.

Yanayonisumbua ni mawili. La kwanza, mume wangu sijamwambia. Yeye ni fundi umeme, kipato chake kinapanda na kushuka, na mikopo anaiogopa tangu mdogo wake achukuliwe bodaboda yake. Najua atakataa kabla sijamaliza kueleza. La pili, kwenye fomu kuna sehemu ya madhumuni ya mkopo. Afisa aliniambia niandike "ujenzi" ili isisumbue. Sikupenda, ila nikanyamaza.

Halafu kuna jambo linalonikera. Wenzangu wanakopa kwa ajili ya sherehe, wanakopa kununua simu, hakuna anayewasema. Mimi nataka kukopa ninunue kitu kinachozaa, naambiwa nacheza kamari. Hii ni haki? Yule mwenzangu ameniambia hata nikitaka nimpe fedha anunue kupitia akaunti yake kwa sababu ana uzoefu wa kuotea bei, halafu atanikabidhi. Fomu iko mkobani. Jumatatu wananisubiri nikasaini.

Mwalimu, Morogoro

Majibu

Marahaba mwanangu. Usisaini Jumatatu.

Nimeliweka hilo mbele ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umelipata. Lakini naomba usiishie hapa, kwa sababu umeniuliza swali la haki na unastahili kujibiwa kwa hesabu, siyo kwa kutishwa.

Kwanza nikupe unachostahili. Kununua hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam siyo kamari, na anayekuambia hivyo anakosea. Unamiliki sehemu ya kampuni inayofanya kazi, yenye hesabu zilizokaguliwa, inayotoa gawio. Aliyenunua hisa za benki ya NMB zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 na akazishika mpaka leo ana sababu ya kushukuru. Na mkopo wa sherehe ni mbaya kuliko mkopo wa hisa, hapo tuko pamoja. Ila ubaya wa mkopo wa mwenzako haupunguzi riba ya mkopo wako.

Nimefanya kazi ya mikopo benki mpaka nilipostaafu, kwa hiyo tuanze na upande huo. Milioni 12, miaka mitano, asilimia 16, makato 292,000 kwa mwezi: ukizidisha kwa miezi 60 utakuwa umerudisha milioni 17 na nusu. Riba peke yake ni milioni 5 na nusu. Tena hutapokea milioni 12 kamili mkononi, kwa sababu bima ya mkopo na ada hukatwa mwanzoni, na dalali wa hisa naye ana kamisheni yake unaponunua na tena utakapouza. Tuseme hisa utakazopata ni za milioni 11.7.

Sasa gawio. CRDB kwa mwaka 2024 ilitoa shilingi 65 kwa kila hisa. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba umenunua hisa kama hiyo kwa shilingi 1,000. Unapata hisa 11,700, gawio lake ni kama 760,000, ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kabla hujalipwa, inabaki laki saba na ishirini. Mwaka huohuo wa kwanza, riba utakayoilipa benki ni kama milioni 1.8. Ukinunua kwa bei ya juu zaidi ya hiyo elfu moja, unapata hisa chache zaidi na gawio linazidi kuwa dogo mbele ya riba. Kwa hiyo zaidi ya milioni moja kwa mwaka lazima itoke kwenye kupanda kwa bei, na bei iliyopanda haikusaidii kulipa chochote mpaka siku utakapouza. Riba yenyewe inakatwa kila mwezi, soko likipanda likishuka.

Umeniambia hisa zako zimepanda ndani ya mwaka. Naamini. Lakini mwaka mmoja ni kipande kifupi sana cha maisha ya hisa, na mkopo wako ni wa miaka mitano. Hebu twende na hiyohiyo CRDB ambayo leo inasifiwa ofisini kwenu. Ilipouzwa kwa umma mwaka 2009 bei ilikuwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa stahili, yaani hisa mpya kwa walio na hisa tayari, kwa shilingi 350, na watu walizigombea, kwa sababu bei sokoni ilikuwa juu ya hapo na kila mtu aliona inapanda. Halafu mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ikaongezeka, faida ya mwaka 2017 ikashuka sana, na bei ikateremka mpaka mwaka 2019 ikawa chini ya ile 150 ya mwanzo. Benki haikufa, wala haikuacha kufanya biashara. Ni bei tu iliyoshuka, na ikakaa chini kwa muda mrefu.

Sasa mweke mwalimu wa mwaka 2015 aliyekopa kwa miaka mitano ili anunue kwa 350. Makato yake yameisha 2020. Mwaka huo bei haikuwa imekaribia hata hiyo 350. Amelipa riba yote na hisa zake ni za thamani ndogo kuliko alivyonunua. Na kama katikati ya njia mtoto aliugua au mume alikosa kazi, akalazimika kuuza 2019, alipoteza zaidi ya nusu ya fedha huku benki bado inamdai. Yule aliyenunua kwa akiba yake hakulazimika kuuza. Aliudhika, akasubiri, na leo ndiye anayepaua nyumba. Mwenzako huyo unayemsifia, muulize kama alikopa. Naona dalili zote kwamba alinunua kwa fedha zake, akapata uwezo wa kusubiri ambao mkopo ungemnyima.

Nchi jirani walipitia hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2006 hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ziliuzwa kwa umma Kenya kwa shilingi 11.90 za huko, na zilipoanza kuuzwa sokoni bei iliruka mara kadhaa. Watu wakajifunza somo moja, kwamba hisa mpya ni fedha ya haraka. Serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5, watu walikopa benki ili waombe nyingi iwezekanavyo. Maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo kila mmoja akagawiwa sehemu ndogo tu ya alichoomba, na fedha iliyobaki ikachelewa kurudi. Fikiria hapo mwanangu: umekopa kwa ajili ya hisa zote ulizoomba, umepewa chache, na riba inahesabiwa kwa mkopo mzima. Tarehe 9 Juni 2008 hisa zilianza kuuzwa sokoni kwa zaidi ya shilingi 7, wachache wakawahi kuuza. Kufika mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya 3. Ilichukua miaka kabla bei haijatulia juu ya 5. Baadaye hisa hizo zilipanda hadi zaidi ya 40 mwaka 2021, na mkopaji wa 2008 aliyekwisha kuuza ili alipe deni hakuambulia kitu katika kupanda huko. Kampuni aliichagua vizuri kabisa. Kilichomtoa ni tarehe ya marejesho.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko takwimu zote hizi. Wewe unadhani swali ni kama hisa itapanda. Mimi nakuambia hata ukiwa sahihi kwamba itapanda, mkopo unaweza kukutoa kabla haijapanda.

Tufanye na hesabu ya siku mbaya, kwa sababu uliyofanya ni ya siku nzuri peke yake. Chukua kwamba bei imeshuka asilimia 40, jambo ambalo nimekuonyesha limetokea na zaidi. Hisa zako za milioni 11.7 sasa ni za milioni 7. Ni mwaka wa pili umeisha, umeshakatwa milioni 7 kwenye mshahara. Salio la mkopo bado ni kama milioni 8.3. Ukiuza kila kitu unabaki unadaiwa milioni moja na ushee, matofali bado yanaota majani, na umeishi miaka miwili kwa laki nne na ishirini. Usipouza, una miaka mitatu mingine ya makato. Na kuuza kwenyewe siyo kila siku ni rahisi. Kwa hisa za benki kubwa wanunuzi hupatikana, lakini soko letu ni dogo, kuna kampuni ambazo unaweza kuweka oda ya kuuza ikakaa siku na siku bila mtu. Waliokimbilia Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850 waliijua hali hiyo. Bei ilikaa chini ya waliyonunulia kwa miaka, na waliotaka kutoka walisubiri.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho afisa mikopo hatakuambia, maana siyo kazi yake. Umesema mnaweza kuishi kwa laki nne na ishirini. Maana yake unaweza kutenga 292,000 kila mwezi. Basi itenge, lakini badala ya kuipeleka benki kama marejesho, nunua nayo hisa moja kwa moja. Ukifanya hivyo, ndani ya miezi 42 utakuwa umeweka milioni 12 zako mwenyewe, bila riba. Ukiendelea mpaka mwezi wa 60, ambao ndio mwisho wa ule mkopo, utakuwa umeweka milioni 17 na nusu. Ni makato yaleyale, kwa muda uleule. Kwa njia ya mkopo fedha iliyofika kwenye hisa ni milioni 11.7, kwa njia hii zote 17 na nusu, ukiacha kamisheni, zinakuwa zako.

Utasema: lakini bei itakuwa imepanda, nitanunua kwa ghali. Inawezekana, na hapo mkopaji atakuwa amekupita. Sikufichi hilo. Inawezekana pia ishuke, na wewe unayenunua kila mwezi utazipata kwa bei ya chini wakati mkopaji analia. Tofauti kubwa lakini ni hii: mwezi ambao mtoto anahitaji ada au mumeo hana kazi, unaacha kununua. Hakuna wa kukupigia simu. Mkopo hauna mwezi wa kupumzika.

Tena usiziweke zote kwenye hisa za benki moja, wala zote kwenye hisa. Sijui kama mna akiba ya dharura, kwenye barua hujaitaja, na kutotajwa kwake kumenitia wasiwasi kuliko hata mkopo. Nyumba yenye kipato kimoja cha uhakika na kingine cha kupanda na kushuka inahitaji walau matumizi ya miezi mitatu minne mahali ambapo hayayumbi na yanapatikana haraka. Anza na hilo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hiyo. Ukishafikisha, gawanya: sehemu hisa, sehemu uikusanye ununue hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali, ambazo kiwango cha chini ni shilingi milioni moja na riba yake inalipwa kila miezi sita. Huko serikali ndiyo inakulipa wewe riba, badala ya wewe kuilipa benki.

Kuhusu huyo mwenzako anayetaka kukununulia kwenye akaunti yake: hapana, na hapa sina maelezo marefu. Hisa zilizo kwenye akaunti ya mtu mwingine ni za mtu huyo. Akifariki, akifilisika, au mkigombana, jina lako halipo popote. Tayari una akaunti yako kwenye simu. Ukihitaji msaada, nenda kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na gawio liingie kwa jina lako.

Kuhusu fomu. Usiandike "ujenzi" kama hujengi. Najua ni mazoea, nimeyaona mezani kwangu kwa miaka. Lakini sahihi chini ya maelezo ya uongo ni yako, siyo ya afisa. Siku mambo yakiharibika, ukiwa unaomba muda zaidi wa kulipa, karatasi itakayofunguliwa ni hiyo. Na jiulize kwa nini ilibidi kufichwa. Watu wa benki wanajua mkopo wa hisa una hatari gani, ndiyo maana neno hilo linasumbua kwenye fomu.

Limebaki la mume wako, na hili nimelitafakari zaidi ya mengine. Unasema atakataa kabla hujamaliza kueleza. Huenda. Lakini mkopo unaopunguza kama asilimia 40 ya mshahara unaoupokea mkononi siyo siri inayoweza kukaa ndani ya nyumba kwa miaka mitano. Ataiona mezani, ataiona kwenye viatu vya watoto, na kitakachomuumiza wakati huo hakitakuwa hisa. Mtu aliyeona mdogo wake akinyang'anywa bodaboda ana sababu ya kuogopa deni, na hofu yake hiyo ni mali kwenu, isikilize. Mwambie habari za hisa zako za laki tatu. Mwonyeshe kwenye simu zilivyopanda na gawio lilivyoingia. Halafu mwambie mpango wa kutenga kila mwezi, na umwachie nafasi ya kusema kiasi gani nyumba inaweza kuhimili. Pengine atasema laki moja na nusu, siyo 292,000. Kubali. Mwezi akipata kazi kubwa ya umeme mnaweza kuongeza.

Jumatatu nenda benki uwaambie umeahirisha. Mkopo ambao hujausaini hukudai chochote, na huhitaji kujieleza zaidi ya hapo. Kama kwa haraka ulikwishasaini na fedha imeshaingia, usiiguse. Soma mkataba sehemu ya kulipa kabla ya muda, uliza wanatoza kiasi gani, na urudishe mapema iwezekanavyo. Ada ya kufunga mkopo ndani ya mwezi mmoja ni ndogo kuliko riba ya milioni 5 na nusu. Niandikie unijulishe mmefikia wapi, na kama mumeo ana swali la hesabu, aandike yeye mwenyewe, nitamjibu.